Zichukuliwe Zimesomwa

"Nani amekwambia mimi nililia?"

"Mzee wangu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nani amekwambia mimi nililia?"

Saa moja asubuhi hiyo. Mkono wa kulia nimeshika ndoo ya majivu, wa kushoto mfuko wa maranda ya mbao, naelekea choo cha kibanda namba mbili, na jirani yangu Bwana Barafu ameinamia ua wetu wa mbao kama shati lililoanikwa. Ameshika karatasi tatu zilizobanwa pini, anazitikisa mbele ya pua yangu. Nyuma, kwenye kibaraza cha namba mbili, wageni wangu, mke na mume, walikuwa wameacha kutafuna. Kwenye tangazo letu nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: njoo upumzike kwenye utulivu. Basi huo ndio ulikuwa utulivu wenyewe, umevaa fulana na miwani ya kusomea.

"Soma hapa," akasema. "Au nikusomee? Nakusomea. 'Hapo mwenye kiwanda cha barafu alisimama, akavua kofia, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye masharubu yake yaliyopakwa rangi.' Yaliyopakwa rangi! Nani anapaka rangi hapa?"

Masharubu yenyewe yalikuwepo pale pale, meusi tititi chini ya kichwa cheupe kama pamba, na mimi asubuhi sipendi uchokozi.

Akaendelea kusoma, sauti ikipanda. "'Akasema: Ndugu wajumbe, jenereta langu limewanyima raha miaka mitano, na mimi najua. Naliwasha hata siku ambazo hakuna barafu ya kutengeneza, kwa sababu tangu mama watoto alipofariki, nikilala usiku nyumba yangu imenyamaza, na ukimya mimi siuwezi. Nisameheni. Kabla ya mwezi kwisha nitalihamishia nyuma ya kiwanda.'" Akashusha karatasi. "Haya. Mimi nilisema haya lini?"

Ndoo nikaitua chini. Maneno yale niliyafahamu. Kikaoni sikuyasikia, hapana. Niliyafahamu kama mama anavyomfahamu mwanawe akimwona anapita barabarani na nguo za jirani. Yalikuwa yangu mimi. Ilikuwa sura ya tisa ya riwaya yangu, neno kwa neno, na chini yake muhuri wa bodi.

Hebu niwapangie mambo, msije mkadhani nimerukwa na akili.

Nina kazi tatu na mwili mmoja. Ya kwanza ni hivi vibanda. Viko vinne, vya mbao, hatua chache kutoka baharini. Taa zake ni za sola, maji yake ni ya mvua kutoka kwenye tangi, na choo chake hakivutwi maji: ukimaliza unamwaga kopo la majivu na konzi ya maranda, unafunika, unaondoka. Baada ya miezi kadhaa unatoka humo udongo mweusi, mzuri, hauna harufu, na bustani yangu inausherehekea. Kwenye tangazo tunajiita nyumba za wageni zinazotunza mazingira. Mtaani tunaitwa vibanda vya Katibu, na wenye husuda wanasema vile vyoo vya majivu. Mgeni akishuka na begi lake, haniulizi bahari iko wapi. Ananiuliza, "Samahani dada, hapa pa kuvutia maji ni wapi?" Basi namshika mkono, tunaingia wote wawili, nampa somo. Somo hilo nimewapa mahakimu, nimewapa maharusi, na kuna askofu mmoja aliniomba nirudie.

Kazi ya pili, mimi ni katibu wa Bodi ya Wakazi. Tuko wajumbe tisa. Tunaamua habari za mitaro, taka, taa za barabarani, na nani amesogeza ukuta wake kwenye uwanja wa nani. Mshahara hakuna, lakini umbea upo wa daraja la kwanza, na mimi sitawadanganya, ndio unaonipeleka.

Ya tatu, naandika. Mtauliza, unaandika saa ngapi, mama, maana asubuhi uko na ndoo, mchana unatandika vitanda, jioni unapokea wageni? Jibu lina aibu kidogo. Naandikia kikaoni.

Kikao cha mitaro kinachukua saa tatu. Kinachoamuliwa humo ni mistari miwili. Mimi naandika ile miwili, halafu muda unaobaki naangalia nyuso za watu na kuendelea na riwaya, kwenye daftari lile lile. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, ananiona nimeinama, kalamu inakimbia, anawaambia wenzangu, "Mwigeni Katibu. Hapitwi na neno." Kweli, sipitwi.

Siku ya kuchapa kumbukumbu za mwezi uliopita, bomba la tangi lilikuwa limepasuka. Mgeni wa namba nne yuko kwenye simu, ananiambia amekuta kaa bafuni na anataka kujua kama kaa yule ni sehemu ya huduma. Mimi nachapa kwa mkono mmoja. Nikamaliza ajenda ya sita, mitaro, nikafunua ukurasa, nikachapa nilichokikuta. Nilichokikuta ni sura ya tisa. Nikaipa kichwa, Ajenda ya Saba, Mengineyo, nikagonga muhuri, nikasambaza nyumba kwa nyumba, nikaenda kumtoa kaa.

Na bado yangegundulika, kama bodi yetu ingekuwa inasoma. Lakini sisi tuna utaratibu wetu. Mwenyekiti akifungua kikao anauliza, "Wajumbe, kumbukumbu mlipelekewa. Zichukuliwe zimesomwa?" Sisi wote kwa sauti moja, "Zichukuliwe!" Anapatikana wa kupendekeza zithibitishwe, anapatikana wa kumuunga mkono, basi, tumeingia ajenda ya kwanza. Miaka kumi na moja sasa. Mtu akisema subirini nisome, ni kama amekaribishwa kwa watu akaanza kunusa sahani.

Turudi kwenye ua.

"Umezipata wapi habari hizi, mzee wangu?" nikauliza, huku natafuta pa kupitia.

"Kwa mama muuza samaki! Jana nampelekea barafu, ananishika mkono, ananiambia pole baba, kulia si aibu. Nikamuuliza nimelia wapi. Ati amesoma kwa mjumbe mwenzetu, Fundi Cherehani. Fundi Cherehani anatumia kumbukumbu zako kukatia ramani za kola! Huyo mama alikuwa anapimwa gauni, akaniona mimi nimelala pale mezani, nalia."

"Lakini mzee, kumbukumbu hizi si zilithibitishwa Jumamosi iliyopita?"

"Kwa hiyo?"

"Hebu angalia pale chini kabisa, ukurasa wa tatu. Pale kwenye wino. Aliyependekeza zithibitishwe ni nani?"

Akasogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu. Midomo ikacheza bila sauti. Aliyependekeza alikuwa mjumbe namba nne, mwenye kiwanda cha barafu, na saini yake pale, ina mkia mrefu kama anasaini mkataba wa meli.

Kule kibarazani mgeni wa kike akacheka puani, akajidai anakohoa.

"Sikiliza, Katibu," Bwana Barafu akasema, na safari hii kwa sauti ndogo, ambayo ndiyo ya kuogopa. "Jumamosi hii kuna kikao kingine. Utasimama mbele ya watu wote useme umetunga. Useme kwa mdomo wako. Usiposema, Jumapili asubuhi naziba njia."

Akashuka, akaenda zake. Dakika mbili baadaye jenereta likanguruma, na sahani za wageni wangu zikaanza kutembea mezani.

Njia aliyoisema ndiyo roho yangu. Kati ya vibanda vyangu na bahari kuna kipande cha kiwanja chake, na kwenye kipande hicho kuna kijia tunachopita kwa hisani yake tu. Hakuna karatasi, hakuna saini, ni ujirani. Akikiziba, mgeni wangu atazunguka barabara kuu, apite jalala, apite gereji ya malori, afike baharini baada ya dakika arobaini amenuna. Na Jumapili hiyo hiyo nilikuwa napokea kundi la wakunga wastaafu kumi na mmoja, wamechukua vibanda vyote wiki nzima, na kiongozi wao alikuwa amenipigia simu mara tatu kuniuliza swali moja: "Mwanangu, baharini ni karibu kweli? Maana magoti yetu hayana utani." Nikamwambia ni karibu, mama, unatoka kitandani unaingia majini.

Nikampelekea kesi wifi yangu. Wifi ni mke wa kaka yangu. Kaka yuko melini miezi tisa kwa mwaka, na mkewe ndiye mpishi wa vibanda, ndiye mfua mashuka, na ndiye redio ya mtaa. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Nilipofika kwenye masharubu aliweka kisu chini akashika ukuta. Nilipofika kwa aliyependekeza, alikaa sakafuni kabisa.

"Wifi, ngoja, nisije nikajikojolea. Yeye mwenyewe?"

"Na mkono aliunyoosha juu juu."

"Sasa shida iko wapi? Nyamaza kimya! Uamuzi ukithibitishwa haufutwi mpaka miezi sita, si ndivyo sheria yenu inavyosema? Mwezi ukiisha jenereta linahama kwa nguvu ya bodi. Miaka mitano tunalilia hilo, leo limejileta lenyewe, wewe unataka kulirudisha?"

"Na njia?"

"Ah." Akachukua kisu tena. "Njia."

"Na nikisimama nikasema nimetunga, wataniuliza nimetunga kwa nini. Nitasema naandika kitabu. Watauliza, sisi tumo?"

"Wamo?"

"Wote tisa."

"Mwenyekiti pia?"

"Mwenyekiti ana sura mbili."

Wifi akamenya kiazi kizima bila kusema neno, na hiyo kwake ni sawa na mwezi wa mfungo. "Basi umekwisha," akasema. "Hakuna atakayekwambia kitu tena katika mtaa huu. Ukiingia dukani watu wataanza kuzungumzia hali ya hewa."

Hapo ndipo iliponikata maini. Kukosa ukatibu nitavumilia. Lakini kuingia mahali watu wakanyamaza! Mimi ambaye nyumbani kwangu hakujawahi kuwa na kiti kitupu, ambaye mtu akiachwa na mchumba ananiambia mimi kabla ya mama yake. Hiyo ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili wakunga kumi na mmoja wanazunguka jalala kwa magoti yale. Nilipima hivi, nikapima vile, usiku na mchana, na kila nikipima vibanda vilikuwa vizito zaidi. Umbea unaweza kuota tena. Mgeni aliyedanganywa harudi.

Wiki ile, lakini, ilikuwa na mambo yake. Kwa mara ya kwanza tangu bodi ianzishwe, watu walikuja mlangoni kuomba nakala ya kumbukumbu. Nilikuwa nawaambia zimekwisha, wanakwenda kwa Fundi Cherehani, anawakunjulia kola. Jumanne mwenye duka la dawa alivuka barabara kumshika Bwana Barafu mikono yote miwili. Jumatano akina mama wa kanisani walimtembelea saba kwa mpigo. Wauza samaki, ambao kila siku walikuwa wanamkaripia kwamba barafu yake ina matundu, wakaanza kumwita baba. Alhamisi nilimwona kwa macho yangu, kupitia tundu la ua, amesimama mlangoni pa kiwanda, bibi mmoja anamwambia, "Marehemu mkeo alikuwa mtu wa watu," na yeye, badala ya kufoka kwamba hakulia, akasema, "Alikuwa na kicheko kile, unakikumbuka?" Bibi akasema anakikumbuka. Wakasimama pale muda mrefu, na jenereta lilikuwa limezimwa ili wasikilizane.

Nikamwambia Wifi, huenda amelegea. Wifi akaenda kumchungulia, akarudi. "Amenunua mbao za kuzibia njia. Sita. Ziko mlangoni."

Basi hajalegea.

Jumamosi saa nne asubuhi tukakutana. Bodi yetu ina chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kubembelezwa, na meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa kadibodi. Kwa kawaida tunakuwa tisa na mbu. Siku hiyo watu walijaa mpaka madirishani, na Wifi akiwa wa kwanza, ameshikilia nondo kama anamtembelea mfungwa.

Mwenyekiti akagonga meza, meza ikainama. Kabla hajauliza kama zichukuliwe, nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Ajenda ya saba ya kumbukumbu za mwezi ule siyo ya kweli. Niliitunga mimi. Mimi naandika riwaya, naandikia humu kikaoni, nikachanganya kurasa. Mzee wetu hakusimama, hakuvua kofia, hakulia. Namwomba radhi mbele yenu wote."

Nikakaa. Feni ikazunguka mara moja, mara mbili. Nikasubiri dunia ianguke.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Katibu," akasema kwa upole ule wa kumrudishia mtu mtihani wake, "tunakuelewa. Una moyo mzuri. Unataka kumwondolea mzee aibu."

"Hapana, Mwenyekiti, nimetunga kweli."

"Bodi hii," akasema, sasa akiwatazama watu wa madirishani, "haijawahi kuthibitisha kitu ambacho haikukisoma. Si ndivyo, wajumbe?"

Niliwaona wanaangaliana. Walikuwa wanapiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa fupi: ama mzee alilia, ama sisi tisa hatusomi, na mtaa mzima uko dirishani.

"Ndivyo," wakasema.

"Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake," akasema Fundi Cherehani, akiinuka, tepu ya kupimia shingoni. "Nilimpa leso yangu. Ya bluu. Hajanirudishia mpaka leo."

"Mimi nilimletea maji," akasema mwenye duka la dawa.

"Glasi au kikombe?" mtu akauliza kutoka dirishani.

"Kikombe. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, glasi ingemwagika."

Jamani. Mimi nimeandika miaka saba, nafuta, narudia, natafuta kitu kidogo kama kile kikombe, sikipati. Yeye alikitoa papo hapo, bila kalamu. Nikajikuta nakiandika.

"Sikulia!" Bwana Barafu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mnasikia? Wala leso sikupewa! Wala maji!"

"Pole, mzee," watu wakasema kwa pamoja, wa ndani na wa nje.

"Msinipe pole!"

"Mheshimiwa mjumbe," Mwenyekiti akasema, "tusaidie. Ulipopendekeza zithibitishwe, ulikuwa unathibitisha nini?"

Akageuka, akanitazama, na mimi nikamtazama. Katika chumba kile chote tulikuwa wawili tu tuliokuwa tayari kukiri ukweli, na mmoja wetu ameshausema, haujanunuliwa. Nikainua mabega. Nikaona masharubu yake yanacheza pembeni, kidogo tu. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anazuia kicheko, mzee yule, na kilikuwa kinamshinda.

"Sawa," akasema. "Sawa. Andikeni nililia. Lakini lile neno la rangi ya masharubu lifutwe."

"Kuna anayeunga mkono?"

Mikono tisa ikanyooka. Ikapita bila kupingwa kwamba masharubu ya mjumbe namba nne ni meusi kwa kuzaliwa. Nikayaandika hayo, na safari hii niliyaandika yalivyo, sikuongeza kitu, hapakuwa na haja. Tukaingia habari za mitaro. Ziliendelea mpaka saa saba na nusu, na hapo katikati Mwenyekiti aliniletea kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilisema: *Hicho kitabu, kama kipo, nitumie sura zangu nizisahihishe.*

Tulipotoka, Bwana Barafu hakunisemesha. Alitangulia, mikono mgongoni. Mimi na Wifi tukamfuata kwa nyuma, kwa sababu njia ya nyumbani ni moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Mpaka kwenye ua. Pale mlangoni pake zile mbao sita zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na nyundo juu yake.

Akasimama, akageuka.

"Nilisema useme kwa mdomo wako. Umesema. Kwamba hawakuamini, hilo si juu yako." Akasukuma mbao na mguu. "Hizi nitapigia sakafu ya jenereta. Kule nyuma. Na sihamishi kwa sababu ya kumbukumbu zako, tusikilizane. Nahamisha kwa sababu nimetaka."

"Nimekusikia, mzee wangu. Ahsante."

"Hao wakunga wako waje wapite. Wasitupe maganda."

"Hawatatupa."

Nilidhani yamekwisha. Nikashika mlango wa ua, Wifi ameshatangulia kuelekea jikoni, maana aliacha sufuria kwenye moto mdogo na mgeni wa namba mbili akilichunga. Lakini mzee hakuondoka. Alikuwa anakuna kichwa chake cheupe.

"Yule wa kwenye kitabu," akasema. "Nani alikwambia kwamba anawasha jenereta kwa sababu ya ukimya?"

"Hakuna. Nilitunga. Niliona Jumapili huuzi barafu, na bado linanguruma."

"Umetunga vibaya."

"Samahani, mzee."

"Sikatai lile la kuwasha. Lakini umeweka usiku. Kwenye karatasi yako mtu analala, nyumba imenyamaza, analia. Usiku hauna shida, usiku mtu si analala? Nalala kama gogo mimi." Akatazama upande wa kiwanda, kisha akatazama miguu yake. "Ni saa nane. Saa nane mchana ndiyo mbaya. Unapakua, unakaa, unasikia kijiko kinagonga sahani. Kijiko kimoja. Miaka thelathini na nne mtu alikuwa ananiambia punguza chumvi." Akaokota ile nyundo. "Basi ukiwasha lile dude, kijiko hukisikii. Weka hivyo. Kama unaandika, andika kitu sahihi."

Nilisimama na mlango mkononi. Hata daftari sikulifikiria, na hilo Mungu ni shahidi, angalau kwa nusu dakika nzima.

Kutoka jikoni ikaja harufu ya kitunguu kilichoiva vizuri, na sauti za wageni wanabishana nani akate limau, na Wifi akatokeza kichwa mlangoni, mwiko mkononi, jasho usoni. Alikuwa amesikia kila kitu. Wifi husikia kila kitu, ana masikio ya sungura.

"Nyie wawili mnapikwa na jua hapo kwa kazi gani?" akaita. "Baba, hebu pita ndani. Saa nane hii, watu tuko sita mezani na chumvi nimezidisha, njoo unigombeze vizuri ukiwa unakula."